Mchezo wa Mchanga na Vitu vya Kuchezea kwa Watoto Wadogo: Twahara, Usalama na Mipaka Yake

Shukrani zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake, Swahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama ba'd:

Miongoni mwa maswali tunayoletewa mara kwa mara na wazazi, hasa akina mama, na pia walimu wa vyuo vya Qur-aan vyenye madarasa ya watoto wadogo, ni yale yanayohusu mchezo wa mchanga na vitu vya kuchezea. Mzazi mmoja anauliza kama nguo ya mtoto aliyeshinda mchangani ni najisi. Mwengine anauliza kama ni halali kumwachia mtoto wa miaka minne saa nzima ya kuchotachota mchanga na kopo, ilhali muda huo angeweza kuhifadhi sura fupi. Wa tatu analalamika kwamba analipa ada, kisha mwanawe anarudi na mchanga kichwani, na sasa anataka kumtoa chuoni. Wapo wanaompiga mtoto kwa sababu ya kanzu kuchafuka, na wapo waliochagua njia wanayoiona nyepesi: mtoto anakaa ndani na simu mkononi, msafi na kimya.

Jawabu kwa ufupi ni kwamba kucheza ni haki ya mtoto mdogo na ni njia yake ya kujifunza, na mchanga ni katika vitu bora alivyojaaliwa kuchezea. Sisi wakubwa tunatakiwa tuufanye mchezo huo uwe safi na salama. Kumzuilia mtoto mchezo kwa sababu ya shaka ya najisi au kwa kuogopa kufua hakuna msingi katika Shari'ah. Ufafanuzi wake ni huu ufuatao:

Watoto katika zama za Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam)

Anayedhani kucheza ni upotevu wa umri wa mtoto na arejee katika Hadiyth sahihi. Mtume mwenyewe alipokuwa mdogo alicheza. Imepokewa katika Swahiyh Muslim, kutoka kwa Anas bin Maalik (Radhiya Allaahu 'anhu), kwamba alikuwa akicheza na watoto wenzake pale Jibriyl alipomjia na kupasua kifua chake. Anas naye anasimulia kwamba alikuwa akicheza na watoto, Mtume akawapitia, akawatolea salamu, kisha akamtuma haja yake. Hakuwakaripia kwa kucheza, bali aliwasalimia kama wanavyosalimiwa watu wazima.

Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) alikuwa na wanasesere akicheza na rafiki zake. Mtume alipoingia, wasichana wale walijificha kwa haya, naye akiwarudisha kwake wapate kuendelea na mchezo wao. Hayo yamo katika Al-Bukhaariy na Muslim. Kwa Abu Daawuwd imepokewa kwamba upepo ulifunua pazia, akaona miongoni mwa wanasesere hao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Alipouliza vipi farasi awe na mbawa, 'Aaishah akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Sulaymaan waliokuwa na mbawa, naye akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Abu 'Umayr, ndugu mdogo wa Anas, alikuwa na kijidege chake cha kuchezea. Mtume alikuwa akimtania kwa kumuuliza habari za kijidege hicho. Na An-Nasaaiy amepokea kuwa mjukuu wake, Al-Hasan au Al-Husayn, alimpanda mgongoni akiwa amesujudu mbele ya watu, akarefusha sijda mpaka baadhi ya Maswahaba wakadhani pana jambo limetokea. Baada ya Swalaah aliwaeleza kuwa hakupenda kumharakisha mtoto kabla hajamaliza haja yake. Basi ikiwa haja ya mtoto kucheza ilizingatiwa ndani ya sijda, vipi tusiizingatie uani kwetu?

Na kuna Hadiyth ya Ar-Rubayyi' bint Mu'awwidh (Radhiya Allaahu 'anhaa) katika Al-Bukhaariy na Muslim, ambayo walimu wetu wa watoto wanafaa kuizingatia sana. Maswahaba wa kike walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya 'Aashuuraa, na wakiwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi. Mtoto akililia chakula, wakimpa kile cha kuchezea mpaka ufike wakati wa kufuturu. Hapa mchezo ulitumika kumzoesha mtoto 'ibaadah. Wale mama hawakuona kwamba mchezo na dini vinagombana.

Imamu Al-Ghazaaliy (amefariki mwaka 505 Hijriyyah), katika Ihyaau 'Uluum Ad-Diyn, ameeleza kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha na uchovu wa masomo. Akaonya kuwa kumnyima mchezo na kumlemeza kwa masomo mfululizo kunaua moyo wake, kunazima akili yake, na kunamfanya atafute hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Mwalimu yeyote aliyesomesha watoto amewaona watoto wa namna hiyo.

Kauli inayonasibishwa na Mtume kuhusu mchanga

Kuna kauli mashuhuri ya Kiarabu inayoufananisha mchanga na msimu wa machipuko kwa watoto, kwa maana kwamba hapo ndipo wanapostawi na kufurahi. Wengi huitaja kuwa ni Hadiyth. 'Ulamaa wa Hadiyth wameichunguza na kuikataa, na wapo waliosema kuwa ni ya kutungwa. Kwa hiyo haijuzu kuinasibisha na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), hata kama maana yake inaonekana kwa macho. Tunalitaja hili kwa sababu baadhi ya walimu wanaotetea mchezo wa mchanga hutumia kauli hiyo kama dalili. Dalili sahihi tulizozitaja zinatosha, na hatuhitaji kuunga mkono jambo jema kwa kauli isiyothibiti.

Mtoto anajifunza nini mchangani?

Mzazi anayeona mchanga kichwani mwa mwanawe aulize kwanza alikuwa akifanya nini. Mtoto anayejaza kopo kwa kifuu anahesabu: vifuu vitatu vimejaza kopo moja. Anayejenga nyumba kwa mchanga mkavu ikamporomokea, kisha akautia maji ikasimama, amejifunza jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Anayechora alifu na bee kwa kidole anaizoesha mikono yake kabla haijaweza kushika kalamu. Wanaopikapika kwa vifuu na majani ya mti wanaiga adabu za nyumbani: nani anapakua, nani anasubiri, nani anakaribishwa kwanza.

Na zaidi ya hayo ni mafunzo ya tabia. Upawa ni mmoja na watoto ni watano. Hapo ndipo mwalimu anapofundisha kuomba kabla ya kuchukua, kurejesha amana, kungoja zamu na kusameheana. Somo la amana linalosomeshwa kwa upawa hukaa moyoni mwa mtoto wa miaka minne kuliko lile analokaririshwa asilolielewa.

Katika mwambao wetu jambo hili si geni. Mpango wa chekechea za madrasa ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, baada ya viongozi wa jamii za Waislamu kuomba, ulifika Zanzibar na Uganda. Walimu wake walifundishwa kuchanganya mafunzo ya dini na mchezo, na kutengeneza vifaa kwa vitu vya kienyeji visivyo na gharama. Vyuo vinavyotenga muda wa mchezo kwa watoto wadogo havijaacha kazi yao, bali vinaifanya.

Pia tukumbuke kwamba Mtume ametuamrisha kuwaamuru watoto Swalaah wanapofika miaka saba, kama ilivyo kwa Abu Daawuwd. Shari'ah yenyewe imeiachia nafasi ile miaka ya mwanzo. Hilo halimaanishi mtoto asisomeshwe Qur-aan kabla ya hapo. Asomeshwe kidogo kidogo, kwa furaha, kisha aachiwe acheze.

Hukmu za twahara

Asili ya ardhi ni twahara. Imethibiti katika Al-Bukhaariy na Muslim kwamba Ummah huu umefanyiwa ardhi kuwa ni mahali pa kuswali na kitu cha kujitwaharishia, na ndiyo maana tunatayammam kwa udongo. Basi vipi kitu tunachojitwaharishia nacho kiwe najisi kwa mtoto kukichezea? Katika hili kuna mambo kadhaa ya kutenganisha:

Kwanza, uchafu si lazima uwe najisi. Mchanga, tope na vumbi vikiingia katika nguo, nguo imechafuka lakini ni twahara. Mama akimbeba mtoto aliyetoka mchangani kisha akaswali bila kubadilisha nguo, Swalaah yake ni sahihi, na wudhuu wake haukutenguka. Kufua ni jambo la usafi linalopendeza.

Pili, yakini haiondolewi kwa shaka. Hii ni kanuni kubwa katika fiqhi. Kusema "huenda paka amepita hapa" hakuufanyi mchanga kuwa najisi. Mtume aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umaamah, kama ilivyo katika Al-Bukhaariy na Muslim, na Imamu An-Nawawiy akaeleza kuwa katika Hadiyth hiyo kuna dalili kwamba nguo na miili ya watoto ni twahara mpaka ithibiti najisi.

Tatu, mtoto akikojoa mchangani. Mahali hapo pamiminiwe maji mengi yaenee pale mkojo ulipofika, na patatwaharika, kwani ndivyo Mtume alivyoamrisha bedui alipokojoa Msikitini. Na ukichota mchanga ule wenye mkojo wote ukautupa, pia inatosha.

Nne, kinyesi cha paka au kuku. Paka mwenyewe ni twahara, na mabaki ya maji aliyokunywa ni twahara, ama mkojo na kinyesi chake ni najisi. Kinyesi kiondolewe pamoja na mchanga ulioshikana nacho. Kikiwa kimesagika na kuchanganyika na mchanga, kumimina maji hakutoshi katika madhehebu yetu ya Imamu Ash-Shaafi'iy, kwa sababu dhati ya najisi bado imo. Uondolewe mchanga ule na uletwe mwengine.

Tano, lile ambalo ni vigumu kujikinga nalo, kama tope la njiani lenye najisi kidogo, 'Ulamaa wamelisamehe. Tusijitie katika wasiwasi.

Sita, kuandika mchangani. Herufi na majina ya vitu havina ubaya. Ama aya za Qur-aan na Majina ya Allaah yasiandikwe mahali patakapokanyagwa. Kwa hayo tumia ubao.

Madhara ya kweli na namna ya kuyaondoa

Kuwa mchanga ni twahara hakumaanishi kuwa kila mchanga ni salama. Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana, na mtoto hawezi kujilinda mwenyewe.

Kinyesi cha paka na mbwa hubeba mayai na viluwiluwi vya minyoo. Safura humuingia mtu kupitia ngozi ya mguu pekupeku inapokanyaga mchanga uliochafuliwa na kinyesi cha binadamu, na minyoo mengine huingia kwa mkono unaopelekwa mdomoni. Mchanga uliokaa wazi usiku kucha ndio paka wanaoupenda. Kwa hiyo chuo au nyumba ikitenga mahali pa mchanga, pawe na mpaka wake: mbao nne zilizopigwa pamoja, au tairi kubwa la lori lililolazwa chini. Utiwe mchanga safi uliochekechwa, usio na vipande vya chupa, misumari wala saruji. Pawe kivulini. Pafunikwe kwa turubai kila watoto wanapomaliza, na asubuhi mwalimu apitishe reki kabla hawajaingia. Baada ya mchezo kila mtoto anawe mikono kwa sabuni, na kucha zao zikatwe, jambo ambalo ni katika Sunnah za maumbile. Watoto wapewe dawa za minyoo kwa wakati wake, na chanjo zao zikamilishwe, kwani pepopunda huingia kwa kidonda kidogo tu.

Mtoto anayekula mchanga mara kwa mara asipigwe. Mara nyingi hiyo ni alama ya upungufu wa damu au madini ya chuma mwilini, basi apelekwe kituo cha afya. Kula udongo unaodhuru haijuzu, na mzazi anayenyamaza kwa kusema "ataacha mwenyewe" anapuuza amana.

Mchanga wanaouchezea watoto wetu wengi ni lile fungu la mchanga wa kujengea lililomwagwa mbele ya nyumba ya mtu. Hapa pana mambo mawili. La kwanza ni hatari: misumari, vyuma, na gari zinazorudi nyuma. Na mashimo yaliyoachwa baada ya kuchimbwa mchanga ni hatari zaidi, kwani hujaa maji wakati wa masika, na kingo zake humporomokea mtoto. Watoto wasiachwe huko hata kidogo, na mwenye kuchimba ana dhima ya kufukia au kuzungushia uzio.

La pili ni haki. Mchanga ule ni mali ya mtu, na aliyewahi kununua lori moja anajua bei yake. Mwenyewe akiridhia, hakuna ubaya. Asiporidhia, watoto wazuiwe. Wakiutawanya au kuuharibu, mtoto hana dhambi kwa kuwa kalamu imeondolewa kwake, lakini haki ya mwenye mali haipotei, hulipwa, na walii wake ndiye wa kuisimamia. Naye mwenye mchanga asiwapige watoto wa watu, awaendee wazazi wao.

Na inapoingia Magharibi watoto waingizwe ndani, kama ilivyothibiti katika Hadiyth ya Jaabir (Radhiya Allaahu 'anhu), kwani ni wakati ambao mashaytwaan huenea.

Vitu vya kuchezea: vipi vinafaa?

Asili ya vitu vya kuchezea ni uhalali. Gari la makopo, gurudumu la kusukuma kwa kijiti, tiara, mpira wa matambara, ndoo na vijiko vya plastiki, vyote ni sawa. Tunataja mambo yanayoulizwa zaidi.

Wanasesere. Al-Qaadhwiy 'Iyaadhw amenukuu kuwa jamhuri ya 'Ulamaa wamejuzisha wanasesere wa watoto wa kike, hata kuwauza, kwa kuwazoesha mambo ya nyumbani, na wameliondoa hili katika makatazo ya picha na masanamu kwa dalili ya Hadiyth ya 'Aaishah. Wapo waliosema ruhusa hiyo ilifutwa, na katika zama zetu wapo wanaochukia wale waliotengenezwa kwa umbo kamili linalofanana na binadamu, wakisema wa 'Aaishah hawakuwa hivyo. Kauli ya jamhuri ndiyo yenye nguvu. Anayetaka kutoka katika khilafu ashone wa kitambaa, na hilo ni jema. Lakini mwanasesere aliyevishwa mavazi ya kufedhehesha asinunuliwe, si kwa sababu ya umbo bali kwa lile analomfundisha mtoto kuliona kuwa ni zuri.

Bunduki za bandia. Kila sikukuu katika viwanja vya Mnazi Mmoja na kwengineko tunawaona watoto wakinunua bunduki za plastiki na kulengana nazo usoni. Mtume amekataza kumuelekezea ndugu silaha. Za kurusha vidonge zinaweza kumpofua mtoto, basi hizo zisinunuliwe, na baruti pia.

Wanyama. Mtoto akichezea ndege bila kumtesa inajuzu, kwa Hadiyth ya Abu 'Umayr. Ama kumfunga uzi na kumburura, kumnyima chakula au kumpiga mawe, hayo ni haramu, na mzazi anayeona akanyamaza ana sehemu yake ya dhambi.

Vitu vidogo. Gololi, kete, shanga na vipande vinavyong'oka visipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwani vinaweza kumpalia. Betri ndogo za mviringo kama kifungo ni hatari kuliko vyote: mtoto akimeza na ikakwama kooni, inaweza kumuunguza ndani ya saa mbili. Akimeza, akimbizwe hospitali hapo hapo, asingojewe kuitoa kwa choo.

Haki za mtoto katika kununuliwa. Mzazi afanye uadilifu baina ya watoto wake, kwani Mtume alikataa kuwa shahidi wa zawadi aliyopewa An-Nu'maan bin Bashiyr peke yake bila ndugu zake. Asimuahidi mtoto gari kisha asimpe kwa kusema "ni mtoto, atasahau", kwani imepokewa kwa Abu Daawuwd kuwa ahadi ya uongo kwa mtoto huandikwa kuwa ni uongo. Wala asifanye israfu kwa kushindana na majirani. Kifuu, kopo na mchanga safi havina gharama, na mtoto hachoki navyo upesi.

Nasaha zetu

Kwa mzazi: mvalishe mtoto nguo ya kuchezea, weka kanzu ya chuo pembeni, kisha mwache acheze mbele ya macho yako. Mtoto aliyefungiwa ndani na simu hajasalimika. Amekoseshwa jua, mwendo, na wenzake wa kujifunza nao subira, na hujui anaangalia nini.

Kwa mwalimu: usimpige mtoto kwa kucheza. Panga muda wa Qur-aan na muda wa mchezo, na mweleze mzazi faida yake ili asidhani amedhulumiwa ada yake.

Kwa wenye uwezo na kamati za Misikiti: viwanja vya wazi mitaani vinazidi kujengwa, na watoto wanasukumwa barabarani na kwenye mashimo. Anayetenga kipande cha ardhi, au akatoa gari moja la mchanga safi na turubai kwa chuo cha mtaani kwake kwa niya ya kuwalinda watoto, basi hiyo ni sadaka, na tunataraji ikawa sadaka yenye kuendelea.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Awahifadhi watoto wetu, Awajaalie wawe kitulizo cha macho yetu, na Atupe hekima na upole katika kuwalea.

Na Allaah Anajua zaidi.